Maswali Yenu: India na majirani zake, mbona kelele haziishi?

Toleo lililopita niliandika mistari minne tu kuhusu India na Pakistan, tena nikiwa nazungumzia jambo lingine kabisa, basi maswali yakamiminika kama vile nimechokoza mzinga wa nyuki. Nimeyasoma yote, yanayofanana nimeyaunganisha, ya matusi nimeyaweka pembeni. Leo ni India mwanzo mwisho.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mimi niko kidato cha sita. Mwalimu katuambia India ina majirani tisa, mimi nikihesabu kwenye ramani naona sita wanaogusana nayo ardhini, nikiongeza Sri Lanka na Maldives za baharini wanakuwa nane. Huyo wa tisa katoka wapi? Na kwa nini India inaonekana ina ugomvi na karibu kila mtu?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuhesabu mwenyewe. Wote wawili mko sahihi, inategemea ramani imechorwa na nani. Wa tisa ni Afghanistan. Serikali ya India inasema ina mpaka nao wa kilomita 106, ila kipande hicho kiko kwenye sehemu ya Kashmir inayoshikiliwa na Pakistan, kwa hiyo afisa wa uhamiaji wa India hawezi kwenda kusimama pale hata siku moja. India inauhesabu kwa sababu inadai Kashmir yote ni yake tangu mtawala wa huko, Maharaja Hari Singh, aliposaini kujiunga nayo tarehe 26 Oktoba 1947, na ukiufuta ule mpaka kwenye ramani ni kama umekubali kwamba sehemu ile imeshaenda. Ndo maana kule ramani ni jambo la serikali, sio la mwalimu wa jiografia.

Sasa la ugomvi. Hebu rudi kwenye ramani yako uangalie kitu kimoja ambacho watu wengi wanakipita tu: hao majirani wadogo wengi wao hawagusani wenyewe kwa wenyewe. Nepal haigusani na Bhutan, wala na Bangladesh, katikati pale kuna ujia mwembamba wa India unaoitwa Siliguri, upana wake sehemu nyembamba kabisa ni kilomita 22 hivi, Wahindi wenyewe wanauita shingo ya kuku. Sri Lanka na Maldives nazo ziko baharini, jirani yao mkubwa ni huyohuyo. Kwa hiyo India ikikaa mezani inaona mafaili tisa, Pakistan faili moja, China faili moja, Nepal moja, linalowaka ndo linafunguliwa. Lakini Mnepali au Mbangladeshi akikaa mezani kwake faili ni moja tu na limeandikwa India, maji India, umeme India, bidhaa India, mpaka India. Mgombea akitaka kura anaanza na India, ama kuisifia au kuitukana. Watu zaidi ya bilioni 1.4 upande mmoja, upande mwingine Bhutan ambayo haifiki hata milioni moja. Hapo hata ukiwa mpole kama malaika watu watasema unawabana, na India, tuseme ukweli, sio kila mara imekuwa mpole.

SWALI: Hivi hawa India na Pakistan bado wana mabalozi au walishafukuzana kitambo? Maana kila mwaka nasikia wamefukuzana.

JIBU: Ofisi zipo, mabalozi hawapo. Agosti 2019 India ilipoifutia Kashmir hadhi yake maalumu ya kikatiba, Pakistan ikamwondoa balozi wa India, na tangu hapo kila ubalozi unaongozwa na kaimu. Halafu tarehe 22 Aprili 2025 watu wenye silaha wakaua watu 26 kule Pahalgam, Kashmir, wengi wao watalii, India ikainyooshea kidole Pakistan, Pakistan ikakana, na kuanzia hapo mambo yakaenda haraka haraka: waambata wa kijeshi wakatimuliwa, watumishi wa kila ubalozi wakapunguzwa kutoka 55 hadi 30, mpaka wa Attari ukafungwa, anga zikafungwa, biashara ikasimama. Mei 7 India ikarusha makombora, Mei 10 wakasimamisha mapigano.

Ila nataka uangalie namna yalivyosimama, maana hapo ndo kuna somo la diplomasia. Rais Trump ndiye aliyetangaza kwanza kwamba yeye kawapatanisha, Pakistan ikashukuru, India ikakasirika ikasema hapana, kilichotokea ni kwamba mkuu wa operesheni za jeshi wa Pakistan alimpigia simu mwenzake wa India wakakubaliana. Wewe utasema kuna ubaya gani akipata sifa huyo aliyepatanisha? Kwa India ubaya upo mkubwa. Tangu Mkataba wa Simla wa mwaka 1972 msimamo wao ni kwamba mambo ya Kashmir ni ya watu wawili tu, wa tatu hakuna. Ukikubali msuluhishi leo kesho atataka kukaa na nyinyi mezani kuzungumzia mpaka wenyewe. Pakistan ambayo ni ndogo inataka kinyume chake, inataka watu wengi mezani, na mdogo wa mahali popote angetaka hivyohivyo.

Na ile simu ya majenerali sio ya dharura peke yake, ipo siku zote. Kuna kingine kinachonishangaza kila mwaka: Januari mosi, tangu 1992, nchi hizi mbili zinapeana orodha ya vituo vyao vya nyuklia, kwa makubaliano yaliyosainiwa Desemba 31 mwaka 1988, kwamba hatutashambuliana kwenye hivi. Wamepigana Kargil, milimani kule Kashmir, mwaka 1999, wakapeana. Wamefukuzana mabalozi, wakapeana. Kwa hiyo ukisikia uhusiano umevunjika, uliza kwanza umevunjika upande gani.

SWALI: Mimi ni mkulima, nauliza la maji. India ilisema itaufunga mto usiende Pakistan. Mto unafungwa kama bomba kweli?

JIBU: Haufungwi. Wewe mkulima unajua, ukiziba mfereji maji lazima yaende mahali, na mto kama Indus au Chenab kipindi theluji ya milimani inayeyuka ukitaka kuuzuia unahitaji mabwawa makubwa ajabu ambayo India haina kwenye mito hiyo. Na haina kwa sababu ya mkataba wenyewe. Mkataba wa Maji wa Indus ulisainiwa Karachi tarehe 19 Septemba 1960 na Waziri Mkuu Nehru wa India na Rais Ayub Khan wa Pakistan, Benki ya Dunia ikiwa katikati, na njia waliyotumia ilikuwa ya kikatili kidogo lakini rahisi: hawakugawana maji, waligawana mito. Mitatu ya mashariki, Ravi, Beas na Sutlej, ikawa ya India. Mitatu ya magharibi, Indus, Jhelum na Chenab, ikawa ya Pakistan, India ikaruhusiwa huko kuzalisha umeme kwa mitambo inayoacha maji yapite, na kumwagilia kidogo.

Ukapita vita ya 1965, ya 1971, na Kargil, mkataba haukuguswa. Ukaja kuguswa Aprili 2025, siku moja baada ya Pahalgam, India ikatangaza kuusimamisha. Sio kuuvunja, kuusimamisha, na hilo neno lilichaguliwa. Sasa madhara yake kwa mkulima wa Punjab ya Pakistan ni yapi kama mto haufungwi? Ni taarifa na muda. Zamani India ilikuwa inalazimika kutoa takwimu za maji na kutoa notisi, huwezi kusafisha matope ya bwawa lako wakati wowote unaotaka. Bila mkataba unaweza kufungulia au kubana kwa siku chache tu, na siku chache hizo zikiangukia wakati wa kupanda, mwenzako kaumia. Huhitaji kumnyima maji mwaka mzima.

Na usidhani ni Pakistan tu. Bangladesh na India wanachangia mito 54, na ambao wana mkataba nao wa maana wa kugawana maji ni Ganges peke yake. Mwaka 1975 India ilianza kutumia bwawa la Farakka, karibu kabisa na mpaka, kupeleka maji upande wa bandari ya Kolkata, Wabangladeshi wakalia miaka na miaka, hadi Desemba 1996 wakasaini kugawana maji ya kiangazi kuanzia Januari mpaka Mei. Mkataba wa miaka 30, piga hesabu mwenyewe, mwisho wake Desemba 2026. Mto Teesta nao ulikuwa tayari kusainiwa 2011, kalamu ziko mezani kabisa, aliyekuwa Waziri Kiongozi wa jimbo la West Bengal wakati huo, Mamata Banerjee, akagoma, kwamba jimbo langu litabaki na nini. Mpaka leo haujasainiwa. Serikali ya Delhi ndo inatia saini lakini maji yanapita West Bengal.

SWALI: Kuna mtu kanibishia kwamba kulikuwa na kipande cha India ndani ya Bangladesh ndani ya India ndani ya Bangladesh. Nikamwambia aache uongo. Tafadhali maliza huu ubishi, kuna soda hapa.

JIBU: Mnunulie soda yake. Kilikuwepo, kinaitwa Dahala Khagrabari, shamba tu la hekta kama moja isiyotimia, la India, limezungukwa na kijiji cha Bangladesh, ambacho kimezungukwa na kijiji cha India, ambacho kiko ndani ya Bangladesh. Viraka vya namna hiyo vilikuwa 162, 111 vya India ndani ya Bangladesh na 51 vya Bangladesh ndani ya India. Mtaani kule wanasimulia kwamba wafalme wa Cooch Behar na watawala wa Rangpur walikuwa wakicheza sataranji na kuwekeana vijiji kama dau, hadithi tamu, ila wanahistoria wanasema ni mabaki ya mapatano ya vita ya karne ya 18 kati ya Cooch Behar na dola ya Mughal. Wakati ule haikuwa shida, mtu alijua tu kodi anampelekea nani. Shida ilianza 1947 ulipopita pale mstari wa Radcliffe, yaani mpaka wa kuzitenga India na Pakistan (Bangladesh wakati ule, hadi 1971, ilikuwa Pakistan ya Mashariki), na huyo Cyril Radcliffe mwenyewe, mwanasheria Mwingereza, alikuwa hajawahi kukanyaga India, alifika Julai na kazi akaimaliza Agosti, mstari ukatangazwa tarehe 17, siku mbili baada ya uhuru. Watu wamesherehekea uhuru hawajui wako nchi gani.

Sasa fikiria wewe unaishi kwenye kiraka. Kwenda nchini kwako lazima upite nchi ya watu, kupita unahitaji viza, viza inatolewa mjini kwenye nchi yako, ambako huwezi kufika bila kupita nchi ya watu. Zaidi ya watu 50,000 waliishi hivyo, hakuna umeme, hakuna shule ya serikali, polisi hawaji, na mtoto akitaka kusoma anaandikishwa kwa jina la baba wa kuazima wa upande wa pili. Waziri Mkuu wa India Indira Gandhi na mwenzake wa Bangladesh Sheikh Mujib walikubaliana kubadilishana viraka mwaka 1974. Bangladesh ikapitisha bungeni palepale. India ikachukua miaka 41. Sio kwamba kazi ilikuwa ngumu, ni kwamba India ilikuwa inatoa ekari kama 17,000 na kupokea kama 7,000, na hakuna chama kilichotaka kuonekana kimegawa ardhi ya nchi, chama kikiwa upinzani kinapiga kelele kimeuza nchi, kikiingia madarakani kinaona aa kumbe ni jambo la busara. Hatimaye 2015 wakabadilisha katiba, na usiku wa manane wa Julai 31 viraka vikabadilishwa, watu wakachagua uraia, wengi sana wakabaki palepale walipo wakabadilisha nchi bila kuhama nyumba.

Mimi nadhani hilo ndilo jambo zuri kuliko yote India ililofanya na jirani yake tangu 1971, na hakuna anayelikumbuka, kwa sababu halikuwa na mlipuko.

Halafu mwone Bangladesh hiyohiyo leo. Sheikh Hasina, binti wa Mujib, aliyekuwa waziri mkuu na rafiki mkubwa wa Delhi, alikimbia maandamano Agosti 5, 2024 akatua India, na mwezi Novemba 2025 mahakama ya Dhaka ikamhukumu kifo akiwa hayupo. Dhaka inamtaka, Delhi haijamtoa. India iliwekeza urafiki wote kwa mtu mmoja na chama kimoja, walipoanguka ikajikuta haina wa kumpigia simu upande wa pili. Hilo ni kosa la wakubwa wengi, na linawagharimu palepale wanapodhani wamejihakikishia.

SWALI: Ni kweli wanajeshi wa India na China walipigana kwa marungu? Nchi zenye mabomu ya nyuklia?

JIBU: Kweli, bonde la Galwan, kwenye milima ya mpakani, usiku wa Juni 15 mwaka 2020. Mawe, marungu, fimbo zenye misumari, wengine wakaangukia kwenye mto wenye maji ya baridi kali. India ilipoteza wanajeshi 20, China ilikuja kusema ilipoteza wanne. Na marungu hayakuwa ushamba, yalikuwa utii wa ajabu wa makubaliano: mwaka 1996 waliahidiana kutofyatua risasi wala kulipua kitu ndani ya kilomita mbili za mstari unaowatenganisha, sasa askari wamekasirika na bunduki haziruhusiwi, wakatafuta njia nyingine. Kabla ya hapo ilikuwa imepita miaka 45 bila mtu kuuawa kwenye mstari ule.

Tatizo la msingi ni kwamba ule mstari haujachorwa popote wakakubaliana. Vita ya 1962 iliisha kwa China kusimamisha mapigano yenyewe na kurudi nyuma upande wa mashariki, eneo la Aksai Chin upande wa magharibi likabaki nayo, na tangu hapo kila doria inatembea mpaka pale inapodhani ndo pake, mnakutana njiani kila mmoja anamwambia mwenzake umepotea. Baada ya Galwan India ilifungia TikTok, ndege za moja kwa moja, zilizokuwa zimesimama kwa ajili ya Korona, zikakaa miaka mitano bila kuruka, zimerudi Oktoba 2025 baada ya kukubaliana habari za doria Oktoba 2024. Ila biashara, ndugu yangu, haikusimama hata wiki. Pengo lake limefika karibu dola bilioni 100 kwa mwaka, China ikiuza na India ikinunua. Wanapigana marungu mlimani na kontena zinashuka bandarini.

SWALI: Mimi ni mstaafu, nilisoma habari za Nepal kuwekewa vikwazo na India wakati mpaka wao hauna hata pasipoti. Inawezekanaje?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Inawezekana, na wala India haijawahi kukiri. Mpaka uko wazi kwa Mkataba wa 1950, Mnepali anaingia India anafanya kazi bila viza, Wanepali wamo hadi kwenye jeshi la India, na rupia ya Nepal imefungwa kwa ya India tangu 1993, moja ya India kwa 1.6 ya Nepal. Lakini Nepal haina bahari na mafuta yake yanapita India. Septemba 2015 Nepal ilipitisha katiba mpya, miezi mitano tu baada ya tetemeko lililoua watu karibu 9,000, Wamadhesi wa tambarare ambao wana undugu na Wahindi wakaona wamepunjwa, wakaziba barabara, na malori ya India yakaacha kuvuka. Delhi ikasema ni maandamano yenu wenyewe, madereva wanaogopa. Wanepali wakauliza mbona hata mpaka usio na waandamanaji malori hayapiti? Dawa zikakosekana, watu wakapikia kuni mjini Kathmandu. Mwaka uliofuata Nepal ikaenda kusaini mkataba wa kupitisha mizigo China, ingawa milima ile kupitisha lori ni kazi. India ilishinda nini pale mimi sijaona.

Maldives ni kinyume chake. Rais Muizzu aliingia 2023 kwa kampeni ya India itoke, wanajeshi wa India hawafiki hata 90 wakaondoka kufikia Mei 2024, India haikufunga kitu, ikaweka mafundi wa kiraia kwenye helikopta walizokuwa wakizihudumia wale wanajeshi, na Maldives ilipokaukiwa dola ikapewa ahueni ya fedha. Julai 2025 Waziri Mkuu wa India, Modi, akawa mgeni rasmi kwenye miaka 60 ya uhuru wao, kaalikwa na Muizzu huyohuyo. Mzee, ukilinganisha hizi mbili utaona Delhi nayo inajifunza, polepole.

SWALI: Hawana jumuiya yao wakakaa wakaongea?

JIBU: Wanayo, inaitwa SAARC, jumuiya ya ushirikiano ya Asia Kusini, ilianzishwa Dhaka 1985, makao makuu Kathmandu, wanachama wanane. Mkutano wa mwisho wa marais ulikuwa Novemba 2014. Uliofuata ulitakiwa kufanyika Islamabad 2016, India ikasusa baada ya shambulio la Uri, kambi yake ya jeshi kule Kashmir, wengine wakafuata, na ndo hivyo mpaka leo.

SWALI: Ile sherehe ya mpakani ya askari wanaorusha miguu mpaka puani bado ipo?

JIBU: Ipo, pale Attari na Wagah, tangu 1959, kila jioni bendera mbili zinashushwa kwa pamoja na watu wamekaa majukwaani wanashangilia kama mpira. Mei 2025 upande wa India uliisimamisha, ikarudi baada ya wiki mbili hivi ikiwa imepunguzwa: miguu inarushwa kama kawaida, ila geti halifunguliwi na makamanda hawapeani mikono.